Sura ya Sita: Kabla Shoka Halijashuka

Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu, lakini kwenye bucha nyingi za Dar es Salaam, ikifika saa nne asubuhi huoni hata ubavu mmoja uliobaki mzima. Nyama hutundikwa kwenye ndoano alfajiri, mkata nyama akaipunguza kidogo kidogo, na kila kinachotua juu ya gogo hupokelewa na shoka. Mbavu huingia fungu moja na shingo, kifua na muundi. Hiyo ndiyo nyama ya mfupa, inayopimwa kwa kilo ikiwa tayari imekatwakatwa kwa ajili ya sufuria. Mwenye hela zaidi huomba steki, akapewa mnofu mtupu. Mafungu mawili, bei mbili, foleni inasonga.

Sina ugomvi na utaratibu huo. Umetungwa na watu wanaojua kulisha nyumba: kilo moja ya mchanganyiko, yenye mfupa, mafuta na mnofu, hutoa mchuzi ambao steki haiwezi kuutoa, na supu ya mbavu kwa chapati saa moja asubuhi haihitaji mtetezi. Ila shoka lina gharama yake, na gharama hiyo hailipwi na shingo wala muundi, maana hizo zilizaliwa kwa ajili ya kuchemshwa. Inalipwa na mbavu za mgongoni. Kipande ambacho Waingereza hukiweka mezani Jumapili, na Wamarekani hukinunua wakati wa Krismasi kwa bei ya kumfanya mtu ahesabu pesa zake mara mbili, hapa kwetu kinapasuliwa na kuuzwa bei moja na muundi. Anayekijua anakipata kwa bei ya nyama ya mchuzi. Anachotakiwa ni kuwahi, na kusema kabla shoka halijashuka.

Kipande chenyewe kinakaa nyuma ya bega na mbele ya kiuno. Wamarekani huhesabu mbavu kuanzia shingoni na kuchukua ya 6 hadi ya 12, yaani saba kila upande. Juu ya mbavu hizo, sambamba na uti wa mgongo, umelala msuli mrefu ambao ng'ombe hautumikishi sana. Miguu inamtembeza kutwa, shingo inainama na kuinuka kwa kila tonge la majani, lakini msuli huu kazi yake ni ndogo. Msuli unaotumika sana hujaa nyuzi ngumu za kuushikilia. Huu hauna nyingi, ndiyo maana ni laini. Kwa nje umefunikwa na utepe mwingine wa nyama, mwembamba, wenye mafuta kuliko mnofu mkuu. Walaji wazoefu huugombania huo kwanza, na wana haki.

Ncha mbili za kipande hiki hazifanani, na muuzaji hatakwambia. Kuelekea kiunoni, mbavu ya 10 hadi ya 12, unapata mnofu mmoja mpana, safi, unaokatika vizuri na kupendeza kwenye sahani. Kuelekea begani, mbavu ya 6 hadi ya 8, mnofu mkuu ni mdogo zaidi, umezungukwa na misuli mingine, na katikati yake kuna mafuta. Hotelini hupendwa upande wa kiuno. Mimi huomba upande wa bega, hasa kwa ng'ombe wa kwetu, kwa sababu mafuta kidogo aliyonayo yako huko.

Hapo kwenye mafuta ndipo tunapotofautiana na wenzetu. Nchini Marekani nyama hukatwa kati ya ubavu wa 12 na wa 13 ili mpanga madaraja wa Wizara ya Kilimo autazame uso wa mnofu na kupima vijistari vyeupe vya mafuta vilivyotawanyika ndani yake. Vikiwa tele, nyama hupewa daraja la Prime, vikipungua, Choice, vikipungua zaidi, Select. Kuna mtego hapo kwa msomaji aliyehamia Houston au Minneapolis: kipande hiki kule huitwa prime rib, na jina hilo halimlazimishi muuzaji kuwa na nyama ya daraja la Prime. Asome muhuri wa daraja, asisome jina.

Zebu wetu hapitii kipimo hicho, na angepitia asingefika mbali. Ni mnyama mdogo mwenye nundu, aliyekula majani ya kiangazi na kutembea mwendo mrefu kufuata maji, kisha akapandishwa lori hadi mnada wa Pugu. Ndani ya misuli yake mafuta ni haba. Nyama yake ina ladha nzito, na kwangu mimi ladha hiyo inaishinda nyama nyingi nyeupe nyeupe ya mahoteli, ila joto kali haliisamehi. Ukiweza, ulizia ng'ombe wa kunenepeshwa, wale wa Kanda ya Ziwa wanaolishwa mashudu ya pamba na pumba kabla ya kuchinjwa. Kenya, ulizia Boran, ng'ombe mwenye asili ya wafugaji Waborana aliyeendelezwa kwa ajili ya nyama kwenye ranchi kama za Laikipia.

Cheti hutapewa, kwa hiyo soma mfupa. Ng'ombe kijana ana mbavu za mviringo kidogo zenye wekundu, na kwenye ncha za mifupa ya mgongo bado kuna gegedu laini, jeupe, linalokatika kwa kisu. Mzee mbavu zake ni bapa, nyeupe, kavu, na gegedu limeshageuka mfupa. Ukiona hivyo, mwache akatwekatwe; huyo ni wa supu, na supu yake itakuwa nzuri. Rangi ya mafuta isikutishe. Umanjano huletwa na majani mabichi, yenye ile ile rangi iliyomo kwenye karoti. Ng'ombe wa nafaka mafuta yake huwa meupe. Cha kutisha ni nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, na hiyo hata ikiwa bure usibebe.

Sasa kuna kumshawishi mwenye shoka. Kijana wa bucha ya mtaani kwetu huwa ameshaliinua kabla salamu haijaisha.

"Karibu mama. Mchanganyiko?"

"Mbavu. Hizo za mgongoni, nne. Lakini usikate, mwanangu."

"Usikate? Sasa utazipika kwenye nini?"

"Kwenye oveni."

Akamgeukia mwenzake anayefunga nyama: "Mama anataka gitaa." Kisha, kwa sababu ni fundi na fundi hawezi kujizuia, akauliza lile swali ambalo ndilo muhimu kuliko yote: "Na mgongo je, uende nao?"

Mgongo usiende nao. Pingili za uti wa mgongo zikibaki zimeshikana na mbavu, nyama itaiva vizuri lakini mezani hutaweza kuikata: kisu kitashuka kati ya ubavu na ubavu, kisha kigonge ukuta wa mfupa. Ziondolewe, na ziondolewe kwa msumeno. Shoka hupasua mfupa ukatoa vijiti vinavyojificha ndani ya mnofu na kumngoja mwenye jino bovu. Bucha isiyo na msumeno, mwombe fundi achane kwa kisu kati ya mnofu na pingili, taratibu, mnofu ubaki umekaa juu ya mbavu, halafu agonge pingili peke yake. Ncha ndefu za mbavu zikatwe zibaki na urefu wa kiganja. Hizo zilizokatwa ufungiwe, usimwachie. Na ule mfuniko wa mafuta juu ya nyama usiparuliwe. Mkata nyama mwema atataka kukusafishia kwa heshima. Mshukuru, umzuie.

Kuhusu kiasi: nchini Marekani kipande cha mbavu tatu huwa na kilo tatu hivi, na ubavu mmoja huhesabiwa watu wawili. Zebu hafikii hapo. Kwake nunua mbavu nne au tano hata kama mko wachache, maana kipande chembamba hukauka ndani kabla hakijapata rangi nje.

Kuna jambo kuhusu nyama ya alfajiri ambalo wauzaji wanalijua kwa mikono na wanunuzi hawaambiwi. Ng'ombe akishachinjwa, misuli yake hubaki milegevu kwa saa kadhaa, kisha hukakamaa. Ukakamavu huo hufika kilele mnamo siku ya kwanza, ndipo vimeng'enya vilivyomo ndani ya msuli wenyewe huanza kuzikata nyuzi moja moja, na nyama hulainika tena siku baada ya siku ikikaa kwenye baridi. Wenzetu wa nchi za ubaridi huitundika wiki mbili na zaidi kwenye chumba cha nyuzi joto 0 hadi 4. Sisi tunachinja usiku, tunauza asubuhi, tunakula mchana. Kwa mchuzi wa saa mbili haina neno. Kwa nyama ya oveni, ni sawa na kuipika ikiwa imekunja ngumi.

Na hapa mfupa unafanya kazi ambayo wengi hawaihesabu. Msuli ulioshikamana na mbavu hauwezi kujikunja sana unapokakamaa, kwa sababu mfupa unaushikilia. Shoka likiukata ungali wa moto, unajikunja unavyotaka, na ugumu wake utaukuta mdomoni. Kwa hiyo yule anayebeba mbavu nzima nyumbani amebeba nyama itakayokuwa laini kuliko vipande vilivyotoka mnyama yule yule, dakika ile ile, kwenye gogo lile lile.

Basi nunua Jumatano nyama ya kuliwa Jumapili. Isipelekwe moja kwa moja kwenye friza: nyama mbichi kabisa ikigandishwa kabla ya kupitia ukakamavu wake, hukakamaa siku ya kuyeyuka, na vibaya zaidi. Iweke kwenye friji, juu ya wavu uliokalia trei, bila mfuko. Uso wake utakauka na kuwa mwekundu wa kiza, jambo la heri, kwa sababu uso mkavu ndio unaopata rangi motoni. Umeme wa kwenu ukiwa wa kukatika kila jioni, punguza siku ziwe mbili.

Siku ya kwanza ya friji ndiyo ya chumvi pia. Kijiko kimoja na nusu cha chai kwa kila kilo, kipakwe pande zote, hata katikati ya mifupa. Mwanzoni chumvi huvuta maji nje na utaona nyama inatoka jasho, usipanguse. Maji hayo huyeyusha chumvi, kisha huirudisha ndani polepole. Viungo vingine mimi huvinyima nafasi. Limau na papai, ambavyo huokoa nyama ngumu ya mishikaki, vikilala siku tatu juu ya mnofu huu huugeuza uso wake kuwa uji. Kitunguu saumu huungua kwenye moto wa mwisho kikawa kichungu. Pilipili manga, sawa, iwe imetwangwa nusunusu. Najua kuna nyumba ambazo nyama isiyo na tangawizi haihesabiki kuwa imepikwa, na sitaki kuvunja ndoa ya mtu.

Waliokipa kipande hiki utukufu wake ni Waingereza, na kwao ilikuwa siasa kabla haijawa upishi. Mwaka 1748 mchoraji William Hogarth alichora lango la mji wa Calais, Ufaransa, na katikati ya picha akaweka pande kubwa la nyama ya ng'ombe kutoka Uingereza likibebwa mbele ya askari wa Kifaransa waliokonda kwa njaa. Wafaransa nao walijibu kwa kuwaita Waingereza jina la nyama yao ya kuoka, na utani huo unaishi hadi leo. Wakati huo hakuna aliyetumia oveni. Nyama ilichomekwa kwenye chuma kirefu mbele ya moto wa wazi na kuzungushwa saa nyingi, na katika majiko ya wakubwa mzungushaji alikuwa mbwa mdogo wa miguu mifupi, aliyefungiwa ndani ya gurudumu ukutani akikimbia bila kufika.

Karne mbili na nusu baadaye nyama hiyo hiyo ikawa kosa la jinai. Desemba 1997, katikati ya hofu ya kichaa cha ng'ombe, wataalamu waliishauri serikali ya Uingereza kwamba maambukizi yanaweza kukaa kwenye vifundo vya neva kandokando ya uti wa mgongo, na serikali ikapiga marufuku kuuza nyama ya ng'ombe ikiwa na mfupa: mbavu, steki za mfupa, hata mkia. Marufuku ilidumu hadi Desemba 1999. Wapo waliokubali kula mnofu uliovuliwa mfupa, na wapo waliofanya ubavu kuwa suala la uhuru. Ukiniuliza mimi, mfupa hauongezi ladha ndani ya mnofu kama wapishi wanavyoapa. Hakuna kinachosafiri kutoka ndani ya mfupa mgumu kuingia katikati ya msuli kwa saa tatu. Unachofanya ni kuzuia joto upande mmoja, ili nyama iliyo karibu nao iive polepole. Halafu kuna raha ya kuutafuna, ambayo haihitaji sayansi.

Kosa kubwa la jikoni kuhusu nyama hii lilitoka kwa mwanasayansi mkubwa. Katikati ya karne ya 19 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba nyama ianzwe kwa joto kali ili uso wake ujifunge na maji yasitoke. Dunia ilimwamini. Hadi leo utasikia mtu akisema "funga juisi kwanza". Uso haufungi kitu. Weka nyama iliyokaangwa kwenye sahani ukaone maji yake. Harold McGee alilieleza hilo kwa mapana katika kitabu chake cha mwaka 1984, na bado halijafika majikoni mengi. Joto kali lina faida moja, nayo ni kubwa: rangi ya hudhurungi na harufu inayoamsha jirani, zao la protini na sukari kukutana kwenye joto la juu ya nyuzi 140 hivi, ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Lakini faida hiyo inapatikana hata ikija mwisho.

Na mwisho ni bora. Mwishoni mwa karne ya 18, Benjamin Thompson, Mmarekani aliyepewa ukabaila Bavaria na kujulikana kama Count Rumford, aliweka bega la kondoo ndani ya mashine ya kukaushia viazi ili aone kama litaiva. Saa zikapita, halikuiva, akaenda zake. Watumishi waliacha moto ukiwaka usiku kucha, na asubuhi wakakuta nyama laini kuliko yoyote waliyowahi kuila. Mwaka 1969 mwanafizikia Nicholas Kurti wa Oxford alilirudia jaribio hilo mbele ya hadhira ya Royal Institution, London. Somo lilikuwa wazi miaka yote hiyo: moto mdogo huivisha nyama sawasawa toka ukingoni hadi katikati, wakati moto mkubwa huacha pete pana ya nyama ya kijivu iliyokauka, na katikati tone la wekundu.

Kwa hiyo oveni iwe nyuzi 120. Nyama ikae mifupa ikiwa chini, mafuta juu, kwenye trei yenye viazi vilivyomenywa na kuchemshwa nusu. Waingereza wa kaskazini walikuwa wakiyakinga mafuta yanayodondoka kwa uji mwepesi wa unga, mayai na maziwa. Hannah Glasse aliuandika mwaka 1747 kwa jina la Yorkshire. Viazi vinafanya kazi hiyo hiyo na havihitaji kuelezwa kwa wageni. Kilo tatu zitachukua saa mbili na nusu, tatu, pengine zaidi, na hapo ndipo ninapomwomba msomaji atupe saa na kushika kipimajoto. Vitabu vinavyotoa dakika kwa kila kilo vinadhani oveni zote ni moja na ng'ombe wote ni mmoja. Mshale wa oveni ya zamani ukielekea 120 huenda ndani ni 150. Kipimajoto cha sindano kichomwe katikati ya mnofu, mbali na mfupa, na kisome chenyewe.

Kisome ngapi? Hapa sifuati vitabu vya London. Wao huitoa nyama ikiwa nyuzi 50 au 52, ikapanda yenyewe hadi 55 hivi, nyekundu katikati. Ng'ombe wa Afrika Mashariki ana mgeni ambaye nyama yao haimwogopi sana: mabuu ya tegu, vijifuko vidogo vinavyokaa ndani ya misuli, vikisubiri kumwingia mtu. Mkaguzi machinjioni huchanja misuli ya taya, ulimi na moyo kuvitafuta, na ng'ombe mwenye vingi hukamatwa. Mwenye viwili vitatu anaweza kupita. Mabuu hayo hufa nyama ikifika nyuzi 60 ndani. Kwa hiyo toa nyama ikisoma 60, iache ipande yenyewe hadi 63 au 64, ambacho pia ndicho kiwango ambacho Wizara ya Kilimo ya Marekani inakishauri kwa pande zima la nyama ya ng'ombe. Itabaki na waridi lililofifia na maji yake. Mwenye kutaka nyekundu ya Kizungu aigandishe kwanza, nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 au zaidi, baada ya siku zake za friji. Ugandishaji huo nao huwaua.

Na kwa anayekataa waridi kabisa, mwenye kusema hii bado ina damu: damu ilikwisha machinjioni, koo lilipokatwa. Kile kimiminika chekundu ni maji ya msuli yenye protini ya rangi iitwayo mayoglobini. Mwenye mashaka ya dini atulie, na mwenye mashaka ya ulimi aipeleke nyama yake hadi 70. Upande wa bega, wenye mafuta katikati, unavumilia 70 vizuri kuliko upande wa kiuno, na hii ni sababu nyingine ya kuuchagua kwa nyumba zetu, ambamo daima kuna mjomba mmoja asiyekula kitu cha waridi.

Nyama ikitoka, iache mezani nusu saa, imefunikwa foili kwa ulegevu. Wakati huo oveni ipande hadi 250, au mwisho wake. Kisha irudishe dakika nane hadi kumi, ukiwa umesimama hapo hapo, maana kati ya hudhurungi na mkaa pana dakika mbili. Ikitoka mara hii ya pili haihitaji kupumzika tena. Ndio uzuri wa kuanza polepole: wageni wanaweza kuchelewa kwa saa nzima, nyama ikawasubiri kabla ya ule moto wa mwisho, na bado ikafika mezani inachirizika mafuta.

Asiye na oveni asifunge kitabu. Watu wa pwani wameoka mikate ya sinia kwa makaa juu na makaa chini kabla umeme haujawafikia, na mbavu hazina masharti zaidi ya mkate. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko bapa wa bati, weka mawe matatu madogo au wavu ndani ili nyama isigusane na chini, mbavu zikae juu yake. Makaa chini yawe machache, yamefifia na kushika majivu. Juu ya mfuniko palia mengi zaidi. Kila nusu saa angalia kipimajoto, ongeza au punguza. Ikifika 60, itoe, ipumzike, halafu makaa yote yapuliziwe yawe mekundu na nyama igeuzwegeuzwe juu ya wavu wazi, mafuta yakidondoka na moto ukiruka. Moshi huo oveni haina, na mimi sioni kwa nini anayejua kupalia amwonee wivu mwenye oveni.

Kukata ni rahisi kama mgongo ulitolewa. Simamisha kipande, pitisha kisu chenye makali kando ya mifupa kutoka juu hadi chini ukizifuata mbavu zinavyopinda, na pande lote la mnofu litajitenga. Lilaze, likate vipande vya unene wa kidole ukikingamisha nyuzi. Mbavu zitenganishwe moja moja na ziwekwe kwenye sinia lake. Utashangaa ni nani na nani katika watu wazima wataziangalia hizo kwanza. Kachumbari iwepo, yenye ndimu ya kutosha, kwa sababu mafuta haya yanahitaji kukatwa. Ugali unakaa nayo vizuri kuliko wali. Yale maji yaliyobaki chini ya trei, baada ya viazi kutolewa, yachujwe mafuta ya juu, yatiwe kikombe cha maji ya moto, yakwanguliwe na kuchemshwa dakika tano kwa chumvi kidogo. Huo ndio mchuzi wake, na hauhitaji nyanya.

Mifupa ikishatafunwa irudi jikoni pamoja na ncha za mbavu ulizofungiwa bucha na pingili za mgongo, kama ulizibeba. Maji baridi yafunike, moto mdogo, kitunguu maji kizima, tangawizi sasa iruhusiwe. Saa tatu zinatosha, nne si dhambi. Mafuta yatakayoganda juu ikipoa yakusanywe kwenye chupa: viazi vya wiki ijayo vitayataka.